Rangi ya Idd na Maji ya Masika

Mwenye nyumba kuukuu wa Tandika au Mwananyamala akishika laki tatu ambazo hazijapangiwa ada ya shule wala matanga, kitu cha kwanza kumjia kichwani ni ndoo ya rangi. Hawazi bati, hawazi mtaro, hawazi msingi. Anawaza rangi kwa sababu rangi inaonekana, inamalizika ndani ya siku mbili, na jirani hawezi kujifanya hajaiona. Miezi sita haijapita, rangi imeanza kubanduka kutoka chini kwenda juu, na lawama zinagawiwa kwa utaratibu ambao mtaa mzima unaujua. Wa kwanza ni fundi, kwamba aliizidishia maji. Wa pili ni muuza duka, kwamba alitoa rangi feki. Wa tatu ni jirani, kwamba ana jicho. Mhalifu mwenyewe anapita chini ya ukuta usiku na mchana na hakuna anayemtaja. Ninachodai hapa ni kwamba uso wa nyumba kuukuu ya Dar es Salaam unaamuliwa na maji. Anayetaka nyumba yake ipendeze machoni pa wapita njia aanze kwa kuuliza maji yanaangukia wapi, yanapitia wapi na yanaishia wapi. Swali la rangi lije mwisho, na hata mtoto wa darasa la tano anaweza kuachiwa alijibu.

Tuanze na nyumba yenyewe. Ni ile iliyojaa Magomeni, Temeke, Keko, Manzese na Kinondoni: korido katikati, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, uani jiko, choo na kamba za kuanikia, na mbele baraza. Wasanifu majengo wanaiita nyumba ya Kiswahili. Madalali wanaiita vyumba sita. Tuseme paa lake la bati lina mita kumi kwa kumi, ambalo si kubwa. Dar es Salaam hupata mvua ya wastani wa milimita 1,100 hivi kwa mwaka, nyingi zikishuka masika, kati ya Machi na Mei, na nyingine vuli, kati ya Oktoba na Desemba. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa hilo, basi, linapokea lita 110,000 kwa mwaka. Mvua moja tu ya milimita 50, ambayo wakati wa masika haimshangazi mtu, ni lita 5,000, yaani matanki matano ya plastiki ya lita elfu moja yakimwagwa kwa saa chache kuizunguka nyumba isiyo na gata hata moja. Tanki kama hilo mwenye nyumba amelinunua kwa bei ya kuuma, kalipandisha juu ya kibanda cha zege, na anakaa chini yake kusubiri mgao. Wakati huohuo, maji yanayodondoka kwenye upenu yanachimba mfereji mchangani, mfereji unarusha matope, na matope yanaupiga ukuta mpaka usawa wa goti. Ndiyo maana nyumba zetu nyingi, iwe ya pinki au ya kijani, zina mkanda mmoja wa udongo kwa chini. Mkanda huo ndio rangi pekee ambayo haikununuliwa dukani, na ndiyo pekee isiyobanduka.

Kalenda nayo ina mkono wake. Uswahilini rangi haipakwi ukuta unapoihitaji. Inapakwa sikukuu inapokaribia, au mtoto anapoolewa, au shangazi wa Uingereza anapotuma ujumbe kwamba kakata tiketi. Sasa Idd inafuata mwezi mwandamo, na kila mwaka inarudi nyuma siku kumi au kumi na moja. Mwaka 2022 Idd el-Fitri iliangukia mwanzoni mwa Mei. 2023 na 2024 ikawa Aprili. 2025 ikawa mwishoni mwa Machi. Miaka minne mfululizo, kwa hiyo, watu walipanda ngazi na brashi masika yakiwa yamefika au yakiwa mlangoni. Fundi anapiga mkono wa kwanza asubuhi, wingu linatanda saa saba mchana, anaingia koridoni kusubiri, na saa tisa akitoka anakuta mkono wa kwanza umeshateremka barazani na sasa unaelekea kwa jirani. Krismasi haina nafuu kubwa, maana inakuja mvua za vuli zikiwa hazijaaga vizuri. Ukuta uliolowa kwa ndani hauipokei rangi. Unaishika kwa heshima ya wageni, wageni wakiondoka unaiachia. Kwa wasiotaka kubadili tabia, mwezi mwandamo una habari njema: mwaka 2028 Idd inatarajiwa mwishoni mwa Februari, jua likiwa kali, na kwa miaka kadhaa baada ya hapo rangi ya Idd itaukuta ukuta mkavu. Wasio na subira wanaweza kupaka miezi ya Sabasaba na Nanenane, wakati ambapo ukuta umekauka na hakuna anayekuja kuukagua. Tatizo ni hilo la pili. Rangi isiyo na mkaguzi, nani ataitolea fedha?

Maji ya juu, hata hivyo, ni nusu ya kesi. Nusu nyingine inatoka chini, na ndiyo inayowachanganya mafundi. Nyumba nyingi za zamani zilijengwa bila nailoni ya kuzuia unyevu kati ya msingi na ukuta. Tofali la saruji na mchanga lina vitundu vidogo visivyoonekana. Linanyonya maji ya ardhini na kuyapandisha, na maji hayapandi mikono mitupu, yanabeba chumvi ya ardhini na ile iliyokuja na mchanga siku ya ujenzi. Yakifika karibu na usawa wa kiuno, jua linayakausha kwa nje na chumvi inabaki. Inaganda kuwa unga mweupe nyuma ya rangi, unga unasukuma, rangi inaota malengelenge, na siku moja mtoto anapita na kijiti cha ufagio, anakwangua kidogo tu, na kipande cha ukubwa wa sahani kinamwangukia miguuni. Mtoto anachapwa. Mafundi husema ukuta unatoa chumvi, na hapo wanasema kweli. Wanapokosea ni kwenye dawa. Dawa inayopendekezwa ni rangi ya mafuta: "Hii haipitishi maji, bosi." Ni kweli haipitishi, ila maji yenyewe yako upande wa ndani wa rangi. Yakizibiwa njia ya kutokea yanapanda kuitafuta juu zaidi, na mwaka unaofuata malengelenge yapo usawa wa dirisha, mengine yametokeza chumbani kwa mpangaji, nyuma ya kabati, ambako yatagunduliwa siku ya kuhama.

Wazee waliopaka chokaa hawakuwa na shida hiyo, maana chokaa inapumua: unyevu ulipita, chokaa ikapukutika kidogo, mwaka ukaisha, ikapakwa tena kwa fedha ya kawaida. Na wale waliopaka mita ya chini rangi ya kahawia iliyokolea au nyeusi, kwa mtindo wa shule za msingi na vituo vya polisi, walikuwa na akili kuliko tunavyowahesabia. Walijua matope yatafika, wakayaandalia mahali pa kukaa. Nyumba za fito na udongo zilizopigwa lipu ya saruji kwa juu zina balaa la namna yake. Udongo ukilowa unatanuka, ukikauka unasinyaa, saruji haifanyi hivyo, na mwishowe zinaachana. Lipu inatoka kwa vipande vikubwa vikiwa na rangi yake nzuri, mkono wa kwanza na wa pili, na nyuma yake fito zinachungulia barabarani. Hapo aliyepaka rangi ameipamba lipu. Nyumba hajaigusa.

Rangi ikishashindwa, ndoto inayofuata ni ukuta na geti. Mantiki ya jambo hili imenishinda siku zote. Mtu anatumia akiba yake kuupendezesha uso wa nyumba, kisha anajenga ukuta wa tofali nane kwenda juu mbele ya uso huo, anapanga chupa zilizovunjika kwa juu, na kuanzia siku hiyo mpita njia anaona geti la chuma lenye simba wawili. Nyumba imebaki siri ya familia. Lakini tuseme hilo ni suala la ladha, na vibaka wapo kweli. Swali langu linabaki palepale: maji? Kiwanja cha uswahilini ni kidogo, na ukuta unasimama hatua mbili au tatu kutoka upenuni. Lita zilezile 5,000 zinaangukia ndani ya uchochoro ambao zamani ulikuwa mchanga mtupu. Mchanga wa Dar, kwa sifa zake zote mbaya, unameza maji. Sasa umefunikwa kwa vitofali vya pevingi ili gari liegeshwe vizuri, gari ambalo mara nyingi bado halijanunuliwa. Maji yamefungiwa. Fundi anatoboa tundu la inchi nne chini ya ukuta, na kwa kuwa upande wa barabara kuna geti la heshima, tundu linaelekezwa kwa jirani. Hapo urembo wa nyumba unahamia kwa mjumbe wa shina, kikao kinaitishwa, na mtu aliyetaka tu mlango wake upendeze anajikuta akieleza mbele ya wazee kwa nini choo cha mama fulani kimefurika.

Baraza nalo linapata mateso yake. Nionavyo mimi, baraza ndilo jambo zuri kuliko yote katika nyumba hizi: limeinuliwa juu ya maji, limekingwa na upenu, na linakalika. Mzee wa kahawa analijua, wacheza bao wanalijua, muuza vitumbua wa asubuhi amelifanya ofisi. Linapoingia mikononi mwa mpamba nyumba linapigwa marumaru zinazong'aa, zilezile za sebuleni, kwa sababu zilibaki boksi mbili. Marumaru hizo zikilowa hazimheshimu mtu. Mgeni anayekuja kupongeza anateleza kwenye ngazi ya pili, na pongezi zinageuka pole. Wengine wanalichukia baraza kwa sababu nyingine, kwamba linaleta kijiwe. Vijana wanakaa jioni, wanavuta, wanacheka kwa sauti, binti anapita anaitwa majina. Malalamiko hayo ni ya haki na siyadharau. Lakini dawa inayotumika ni kupaka oili chafu kwenye ukingo ili asikae mtu. Itazame vizuri nyumba hiyo: ukuta wa krimu, dirisha jeupe, na chini yake mstari mweusi unaonata, wenye vumbi, manyoya ya kuku na alama ya suruali ya mtu aliyekuwa hajui. Mvua ya kwanza inaiteremsha oili ukutani kwa michirizi. Mwenye nyumba amemfukuza kijana mmoja na kujipaka masizi yeye mwenyewe. Taa moja ya nje inayowaka usiku ingefanya kazi hiyo kwa usafi zaidi. Kijiwe hakipendi mwanga.

Kuna mtindo mpya pia, wa kulificha bati. Nyumba za kisasa za Goba na Kigamboni zinajengwa paa likiwa limezama nyuma ya ukuta, na mwenye nyumba wa Temeke naye anataka uso wa kisasa, basi anapandisha kozi tatu za tofali juu ya baraza la mwaka 1968. Upenu umekwisha. Maji yaliyokuwa yakidondoka nje, ingawa bila adabu, sasa yanakusanyika nyuma ya ukuta huo na kutegemea bomba moja la plastiki, na bomba hilo linategemea mwarobaini wa jirani usipukutishe majani. Mwarobaini hupukutisha. Maji yanatuama, yanatafuta ufa, yanashuka ndani kwa ndani mpaka kwenye linta, na sura ya kisasa inapata doa la kahawia juu kidogo ya mlango, mahali ambapo macho ya mgeni yanafika kwanza. Upenu mrefu ulikuwa mwavuli wa ukuta, na tumeukata ili tufanane na picha.

Halafu ikaja lami. Hapa naomba nieleweke. Barabara za mitaa ni neema, na aliyewahi kupita Mbagala kwenye tope la Aprili hahitaji kuelezwa. Mradi wa DMDP, uliogharimiwa kwa sehemu kubwa na mkopo wa Benki ya Dunia, umejenga barabara za lami na mitaro katika Kinondoni, Ilala na Temeke, na mitaa mingine haitambuliki tena kwa uzuri. Lakini barabara hujengwa kwa kuongeza: kifusi juu ya kifusi, kinashindiliwa, kokoto, kisha lami. Nyumba haiongezeki. Nyumba ambayo mwaka 1970 ilipandiwa kwa ngazi tatu, leo inashukiwa. Mwenyeji anasimama mlangoni anasema, "Karibuni, shukeni taratibu." Kwa mtazamaji wa barabarani uso wa nyumba umekatwa robo, madirisha yamefika usawa wa magoti ya wapita njia, na ukiwa kitandani unawatambua majirani kwa kandambili zao. Maji ya barabara, yasipopata mtaro, yanaingia bila hodi. Mwenye nyumba anajibu kwa kumwaga kizuizi cha zege mlangoni, cha urefu wa kiganja au viwili, ambacho hakizuii maji mengi lakini hakijawahi kumkosa mgeni anayeingia usiku. Baada ya hapo, kwa kuwa kizuizi ni kibaya kwa macho, kinapakwa rangi. Nyekundu, kwa kawaida.

Nasikia wanaonijibu. Wa kwanza anasema: unanihubiria gata na mtaro, kesho nikiamka nina alama ya X ukutani. Hofu hiyo ina historia. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande, na watu wakajifunza kusoma rangi kuliko walivyofundishwa shuleni: X nyekundu, unabomolewa bila fidia, X ya kijani, utalipwa. Kwenye Barabara ya Morogoro hifadhi ni kubwa zaidi, na mwaka 2017 nyumba nyingi kati ya Kimara na Kiluvya zilivunjwa. Sasa hebu tufikiri. Tingatinga likiwa njiani, mtu anaokoa nini? Anang'oa bati, anang'oa milango, nondo za madirisha, na gata kama ipo, anapakia kwenye fuso na kwenda kuanza upya Kibamba au Mlandizi. Rangi haing'oleki. Kwa hiyo mwenye hofu ya X ndiye hasa anayepaswa kuweka fedha yake kwenye gata. Rangi ndiyo uwekezaji wa mtu mwenye uhakika wa kukaa. Mwenye leseni ya makazi, ambayo Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inaiwekea muda mfupi, anapaka rangi ya kudumu miaka kumi kama kopo lilivyoandikwa. Kopo lina imani kuliko Wizara.

Wa pili anasema rangi yake ni ya bure. Huyu ana fremu ya duka mbele, na kampuni ya simu au ya soda imempakia ukuta mzima. Haya, nampongeza. Lakini naye maji hayamwachi, na zaidi ya hapo ameukodisha uso wake kwa mtu anayebadili majina. Mtandao ulioanza hapa ukiitwa Celtel ukawa Zain mwaka 2008, ukawa Airtel mwaka 2010. Tigo nayo ikajiita Yas mwishoni mwa 2024, na kuta nyingi za buluu zilichelewa kupata habari. Ukuta wa duka kuukuu ukibanduka vizuri, unaweza kusoma historia ya mawasiliano ya nchi hii kwa matabaka, kutoka juu kwenda chini, na tabaka la mwisho ni chumvi.

Wa tatu ni dalali, na hoja yake ndiyo yenye nguvu, kwa sababu ina fedha ndani. Anasema mpangaji anapanga kwa macho: chumba kikipakwa rangi kinatoka, kisipopakwa kinalala. Sibishi. Ila dalali anakula cha mwezi mmoja na kuondoka, na mwenye nyumba anabaki na mkataba wa miezi sita. Mpangaji aliyeingia Januari kwa sababu ya rangi atakuwemo ndani mwezi wa nne, akipanga ndoo chini ya dari, na Julai atahama akiwa ameshawaeleza wenzake wote kazini. Nyumba isiyovuja inapangishwa kwa midomo ya waliokaa. Kuna na mwoga wa kodi, anayedhani nyumba ikipendeza Serikali itamwongezea. Huyu aondoe shaka: tangu mwaka 2021 kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, ikapanda kuwa 1,500 mwaka 2023, na mita ya umeme haijui kama ukuta wako una malengelenge.

Wapo pia wanaosema tuache kujisumbua, tubomoe tujenge maghorofa. Magomeni Kota wamefanya hivyo, na majengo yale ni mazuri, sina neno. Ila wakazi wa kota za zamani walikaa miaka mingi nje ya mtaa wao mpaka Machi 2022, Rais Samia Suluhu Hassan alipozindua makazi mapya ya kaya 644. Mwenye vyumba sita Tandika hana Serikali ya kumjengea wala miaka ya kusubiri kwa dada yake. Na kwa wale waliojenga mabondeni nakubali kwamba gata yangu haina msaada. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliwatoa watu Jangwani wakapelekwa Mabwepande, na hakuna upenu duniani ungezuia Mto Msimbazi. Naizungumzia nyumba inayolowa kwa maji yake yenyewe, na nyumba za namna hiyo ndizo nyingi.

Kizuizi kikubwa kuliko vyote, nadhani, ni urithi. Nyumba nyingi kati ya hizi ni za marehemu mzee, na sasa ni za watoto saba wa mama watatu. Ukiitisha mchango wa rangi, utapata. Rangi itaonekana kwenye picha za arobaini. Ukiitisha mchango wa gata, kila mmoja anauliza itafungwa upande wa chumba cha nani. Wanachoweza kukubaliana wote, tena kwa siku moja, ni kuandika mbele kwa herufi kubwa: NYUMBA HII HAIUZWI, OGOPA MATAPELI. Maandishi hayo nayaheshimu, maana yamewaokoa wengi. Lakini hata yenyewe yamepakwa kwenye ukuta unaotoa chumvi. Lipu ikibanduka na kuondoka na herufi tatu, H, A na I, kinachobaki ni sarufi mbovu, na dalali tapeli haangalii sarufi.

Basi ndugu wa nyumba hiyo, kabla ya Machi kufika, fungeni gata ya mbele kwanza, juu ya baraza na mlango, bomba lake liingie kwenye tanki na wala lisielekezwe kwa jirani. Kisha chimbeni mtaro wa zege kuzunguka ukuta, wenye mteremko wa kweli na sehemu ya kutokea. Uacheni ukuta ukauke mpaka mwezi wa saba. Chini kahawia, juu rangi yoyote itakayopita kwenye kikao.